Hirbai na Mwezi wa Kumi na Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Ngano niitue wapi?

Masikioni mwetu, yako wazi!

Kwanza niungame. Ujanani niliwacheka jirani zetu Wahindi: "Sikukuu yenu ya taa haina kwao, kila mwaka tarehe nyingine!" Nilinena nisilolijua. Mola anisamehe. Basi sikilizeni.

Hapo kale, mbali huko, palikuwa na Hirbai, mjane msoma nyakati. Kila kulipokucha alipima mwendo wa jua na mwezi, akatangaza: leo fungeni, leo ozeni, leo msisafiri. Sikukuu ya taa aliiweka usiku ambao mwezi hauonekani, mpunga ukishavunwa.

Lakini mwezi una mbio! Ukizunguka mara kumi na mbili, jua bado lina siku kumi na moja njiani. Mwaka wa kwanza sikukuu ikawahi siku kumi na moja. Wa pili, ishirini na mbili. Mpunga mbichi, mvua ikazima taa, puu!

Mfalme akafoka: "Bibi, mwaka huu zikizimika tena, funga mzigo uhame!"

Hirbai akaenda kwa Mwezi. "Ewe Mwezi, punguza mwendo!"

"Siwezi. Nimeumbwa hivi."

Akaenda kwa Jua. "Ewe Jua, kaza mwendo!"

"Siwezi. Nimeumbwa hivi."

Akaenda kwa fahali mzee wa kulimia. "Ewe Fahali, nifanyeje?"

Fahali akacheua, akacheua, akacheua. "Mama, tukifungwa nira, mwenye mbio husimama. Mwenzake akifika, ndipo twende."

Hirbai akarudi mbio. "Sikieni! Kabla ya mwezi wa taa naongeza mwezi mmoja. Hauna harusi, hauna ngoma, ni wa sala tu. Jua litatufikia."

Watu wakaangua kicheko. "Mwezi wa kumi na tatu! Kesho utatuongezea na pua!"

"Na harusi yangu je?" akalia kijana Velji.

"Ngoja, mwanangu. Mchumba si samaki, haozi."

Wakasali mwezi mzima. Mvua ikanyesha, ikachoka, ikaenda zake. Mpunga ukawiva, ukavunwa. Ndipo taa zikawashwa: moja, mia, elfu! Haikuzimika hata moja!

Mfalme akateremka barazani mbele ya watu wote. "Mama, usihame. Mwenye haraka nilikuwa mimi."

"Hirbai kashinda! Hirbai kashinda!" Mji mzima ukarindima. Na hadi leo, kila baada ya miaka mitatu hivi, wenzetu huongeza mwezi, sikukuu isipotee njia.

Ngano imefika ukingoni. Ikiwa tamu, yenu. Ikiwa chungu, ni moshi umeniingia mdomoni. Funzo ni hili: mwenye mbio amngoje mwenzake. Nanyi mkiondoka, tafadhali, tembeeni polepole na Bi Rukia, mzee wetu aliyeketi hapa. Goti linamuuma.