Kengele ya Mama Chini ya Mzigo

Hii imenifikia leo asubuhi nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, kisha umpe na mwenzio.

Zamani, milimani kusini mwa Ujerumani, alikuwapo mtoto wa wafugaji aitwaye Leonhard. Huyu bwana aliyapenda mambo ya magharibi ya Marekani kupita kiasi. Alisoma habari za wachunga ng'ombe wa kule, wale wa kofia pana na farasi, hadi vitabu vikachanika. Kurusha kamba ya kitanzi alijifunzia kwa mbuzi wa jirani, na jirani alikuja kushtaki zaidi ya mara moja.

Alipotimiza miaka ishirini na miwili alifunga safari. Mama yake hakumzuia. Alimpa kengele kubwa ya shaba, ile anayovishwa ng'ombe wa mbele siku mifugo inapoteremshwa kutoka milimani kuikimbia baridi.

"Ichukue, mwanangu. Wa nyuma wasipoona njia, wataisikia."

Leonhard aliona haya. Nani amewahi kusikia mchunga ng'ombe wa Marekani mwenye kengele? Lakini cha mama hakitupwi. Akaifunga kwa kitambaa, akaizamisha chini kabisa ya mzigo.

Huko Marekani akapata kazi kwenye ranchi. Kofia yake ilikuwa mpya mno, wenzake wakambatiza jina la Bwana Harusi. Hakukasirika. Alijifunza kila kitu chao, na kila cha kwao Ujerumani alikificha. Nyimbo za kwao aliacha kuziimba hata akiwa peke yake.

Msimamizi wao alikuwa mzee wa Kimeksiko, Evaristo. Mzee huyu akirusha kamba, watu waliacha kula wamtazame. Leonhard alitamani siku moja aambiwe na mzee huyo, "Sasa wewe ni mwenzetu." Hakuwa na ndoto nyingine.

Siku moja walikuwa wakirudisha ng'ombe mia tatu ranchini. Mchana kweupe ikashuka dhoruba ya theluji. Leonhard hakuona hata masikio ya farasi wake. Ng'ombe wakaupa upepo mgongo, wakaanza kusogea kuelekea korongoni.

"Ranchi iko kule upepo unakotoka!" Evaristo alipiga kelele. "Wakiendelea hivi watatumbukia wote, na sisi nao!"

"Maksai mwekundu yuko hapa!" mmoja akajibu. Huyo ndiye maksai mzee ambaye kundi lilizoea kumfuata. "Ila wenzake hawamwoni!"

Leonhard akakumbuka mzigo uliofungwa nyuma ya tandiko lake. Watamcheka? Basi na wamcheke. Akashuka, akaitoa kengele kwa vidole vilivyokufa ganzi, akamvisha maksai shingoni, akaanza kumvuta kwa kamba, uso kwa uso na upepo.

Ngo! Ngo! Ngo!

Nyuma yake ng'ombe mmoja akalia. Akalia mwingine. Leonhard hakugeuka, maana hata angegeuka asingeona kitu. Alitembea tu, machozi yakiganda mashavuni, akiimba wimbo wa kwao aliokuwa ameuzika.

Walipofika zizini akasimama langoni kutazama. Subhana! Ng'ombe walitoka katika ule weupe mmoja baada ya mwingine, vichwa chini, wakiifuata sauti. Hakupotea hata ndama. Wanaume wale wenye ndimi kali wakavua kofia zao kwenye baridi ile.

Leonhard akamwendea Evaristo.

"Unisamehe, mzee. Najua kengele si kitu cha wachunga ng'ombe. Ni cha kwetu."

Evaristo akacheka hadi akakohoa.

"Na hii kamba unayoipenda, unadhani iliota hapa? Babu yangu aliileta kutoka Meksiko. Tandiko unalokalia ni la kwetu. Nyimbo wanazoimba hawa ni za bibi zao wa Ireland. Mwanangu, haya yote unayoyapenda ni mizigo ya wageni iliyofunguliwa. Wako tu ndio ulikuwa bado umefungwa."

Kisha akamshika bega.

"Sasa wewe ni mwenzetu."

Tangu hapo maksai wa mbele wa ranchi ile hakutembea bila kengele. Leonhard alipokuwa mzee, akaja kijana mgeni kutoka mbali, mwenye kofia mpya inayong'aa. Aliisikia ile kengele, akasimama kinywa wazi.

"Mzee," akasema, "hii ndiyo Marekani yenyewe niliyoiota tangu utotoni!"

Leonhard akatabasamu, akamuuliza, "Karibu sana, mwanangu. Na wewe umetuletea nini?"

Funzo: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Penda ya watu kwa moyo wako wote, lakini usione haya kufungua mzigo uliofungiwa na mama yako. Huenda ndani yake ndimo ilimo njia ambayo wenyeji wako hawaioni.