Suruali ya Injinia

Mtaka cha mvunguni humtuma mwingine ainame. Hivyo ndivyo methali ile kongwe inavyosomwa siku hizi na watu wenye viti vya kuzunguka na suruali zilizonyooshwa kwa pasi. Wahenga hawakusema hivyo. Wao walisema kwamba anayetaka kitu kilicho chini ya kitanda hana budi kukunja mgongo wake mwenyewe, avute vumbi puani na kupapasa gizani mpaka akipate. Maana yake haihitaji kamusi: chenye faida hakimfuati mtu aliyesimama wima akitazama dari. Kisa hiki kitaamua nani alisema kweli, wahenga au wenye suruali.

Shangazi alikuwa mwandishi wa nukta nundu. Katika chumba chake cha kazi, ghorofa moja juu ya duka la vioo, aligeuza vitabu vya kawaida kuwa vitabu vya kusomwa kwa vidole. Yeye mwenyewe alipoteza macho akiwa na miaka saba, na tangu hapo vidole vyake vilifanya kazi ya macho na ziada juu yake. Msaidizi wake alikuwa binti wa kaka yake, msichana mwenye stashahada mpya na ulimi mkali, ambaye ukoo mzima ulimwita Wembe. Wembe alisoma kwa sauti na kueleza michoro, Shangazi aliandika, kompyuta ikamsomea alichoandika kwa sauti kavu kama ya mtu mwenye mafua. Kisha mashine ya kuchapa ilitoboa karatasi nene kwa kishindo cha mvua ya mawe juu ya bati.

Kwa miezi kumi na moja walikuwa wakiandika kitabu cha biolojia chenye juzuu kumi. Nane zilikwisha kuchapwa na kupangwa ukutani, nakala mbili mbili, za kugawana wanafunzi kumi na tisa wa shule ya wasioona. Siku kisa hiki kilipotokea, mtihani wao ulikuwa umebakiza wiki tatu. Kesho yake, saa tatu asubuhi, mwalimu angekuja na gari kuchukua kitabu kizima. Juzuu mbili za mwisho, zenye moyo, figo na mimba, zilikuwa ndani ya kompyuta na si pengine popote. Flashi ya akiba ilijaa tangu juzuu ya nne, na flashi ya pili ilikuwa ikinunuliwa "kesho" kwa muda wa miezi mitano.

Michoro ya moyo ndiyo iliyoleta balaa. Ilikuwa mizito, na kompyuta ilipofika hapo ilisita kama punda aonapo maji. Injinia akasema dawa ni kuiongezea kumbukumbu, kile kijibao chembamba ambacho mafundi hukiita ram. Injinia alikuwa mume wa Dada, binti mkubwa wa Shangazi. Jina hilo alilipata baada ya kuifufua printa ya ofisi moja kubwa, na tangu siku hiyo hakugeuka akiitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Asubuhi hiyo alikuja njiani kwenda kikaoni, amevaa suruali ya rangi ya maziwa yenye mikunjo ya kukata mkate. Sasa, kompyuta ya Shangazi haikukaa juu ya meza. Seremala aliijengea kisanduku cha mbao chini ya meza, mbali na miguu ya mwenyewe, na bati la ubavuni mwa kompyuta yenyewe liliondolewa zamani ili ipate hewa. Kuitazama vizuri kulitaka mtu apige magoti, achomoe nyaya na kuivuta hadi kwenye mwanga. Injinia aliitazama sakafu. Akaitazama suruali. Kisha akaketi kwenye kiti, akajipinda ubavu, na kuingiza mkono chini ya meza hadi begani.

"Shemeji, nikuvutie nje uone?" Wembe aliuliza.

"Nikifunga kifungo cha shingo, huwa natafuta kioo? Mikono inajua njia."

"Mikono inajua njia," Shangazi alirudia, "lakini hiyo yako naisikia inapapasa kama inayotafuta sabuni iliyozama kwenye beseni."

Injinia alicheka, akasukuma kitu, akafuta vidole kwa leso na kwenda zake. Kompyuta iliwaka, na kwa nusu saa ilikimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Halafu kioo kikageuka samawati, sauti ya mafua ikakatika katikati ya neno, na mashine ikajizima. Ikajiwasha. Ikajizima tena. Hadi saa sita mchana ilikuwa imefanya hivyo mara tisa, na Wembe alikuwa amekwisha kuacha kuhesabu kwa sauti ili asimtie Shangazi hofu. Shangazi hakuhitaji kutiwa. Alikaa mikono mapajani, akisugua kidole gumba kwa kidole cha shahada, kama mtu anayesoma ukurasa usiokuwapo.

Injinia alirudi saa saba, Dada nyuma yake akiwa amemletea mama yake chakula. Alitazama kioo kwa muda wa kunywa maji ya nusu glasi.

"Windo imekufa," alisema, akimaanisha programu inayoiendesha mashine. "Naifuta yote, napiga upya. Saa moja tu."

"Ukifuta yote, kitabu kinabaki?" Shangazi aliuliza.

"Mama, kompyuta ni kama nyumba. Ukiibomoa ujenge upya, vya ndani vinakwenda na kifusi."

"Mimi sikukuomba ubomoe nyumba, mwanangu. Nilikuomba uongeze chumba."

Dada alikohoa. Mumewe akatoa mfukoni flashi yenye Windo mpya, akaichomeka na kuanza kubofya. Wembe aliona wale wanafunzi kumi na tisa wakiingia kwenye mtihani wanajua ua na jani, lakini hawajui moyo unavyopiga.

"Shemeji, subiri," alisema. "Asubuhi ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni ram peke yake. Mtu akiumwa tumbo anaulizwa alichokula mwisho. Hafukuzwi nyumbani."

"Ram ni mpya. Nimeitoa kwenye pakiti mbele yako."

"Mpya, sawa. Umeona ilivyokaa?"

"Nimeiweka mimi."

"Sikuuliza nani kaiweka. Nimeuliza kama umeiona."

"Wewe mtoto," Injinia alisema bila kugeuka, "kazi hii nimeianza hujajua kufunga kamba za viatu."

"Na mpaka leo hujainama kuzitazama."

Kioo kilikuwa sasa kinauliza swali la mwisho: vitu vyote vifutwe, ndiyo au hapana? Kidole cha Injinia kilining'inia juu ya kibonye. Wembe hakungoja. Alipitisha mkono nyuma ya meza na kuizima swichi ukutani, ta. Kioo kikawa cheusi. Chini, mkata vioo alisikika akichora mstari wake.

"Umeona?" Injinia alimwambia mkewe, si Wembe. "Umeona nilivyodharauliwa?" Akatoka akasimama kibarazani, simu sikioni, ingawa hakuna aliyemsikia akizungumza.

Wembe alipiga magoti. Aliwasha taa ya simu, akaishika kwa meno, akachomoa nyaya moja moja na kuivuta kompyuta kutoka kwenye kisanduku chake. Ilitoka na vumbi la miaka. Alipiga chafya mara mbili, magoti ya gauni lake yakageuka kijivu. Akagusa bati la kompyuta ili umeme wa mwilini usiidhuru, kama walivyofundishwa chuoni, kisha akachungulia. Vijibao viwili vya ram vilikuwa vimesimama sambamba, cha zamani na kipya, kama ndugu wawili kwenye foleni. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Havikuwa na tofauti. Alikuwa amemvunjia shemeji yake heshima mbele ya mkewe na mama mkwe, na jicho lake halikuona kosa lolote.

"Mbona umenyamaza?" Shangazi aliuliza.

"Vimekaa sawa, Shangazi. Naona vimekaa sawa."

"Unaona. Sogea."

Shangazi alishika ukingo wa meza na kuteremka. Magoti yake yalilia yote mawili.

"Mama, sakafu ni chafu," Dada alisema, "na magoti yako daktari amekuambia nini?"

"Daktari atakuja kuandika kitabu? Nigusishe hapo pa kugusa, Wembe."

Wembe alimgusisha bati, kisha akamwongoza hadi kwenye vijibao. Ncha ya kidole cha shahada ilipita juu ya kile cha kwanza, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Ikapita juu ya cha pili. Ikarudi. Ikapita tena.

"Huyu wa kwanza kalala vizuri," Shangazi alisema. "Huyu mgeni kichwa kimelala, miguu imepanda."

"Imepanda kiasi gani?"

"Nukta moja. Ndogo sana." Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Lakini nukta moja kwetu sisi inageuza herufi."

Wembe alilaza shavu sakafuni ili ashushe jicho. Kweli. Kibanio cha upande wa ndani, ule ambao mkono wa mtu aliyeketi kitini haufiki vizuri, kilikuwa kimeachama. Kijibao kilishika kwa upande mmoja na upande wa pili kikagusa tu, mara kipo, mara hakipo. Mashine ilikuwa ikipewa kumbukumbu na kunyang'anywa kwa zamu, na yeyote angechanganyikiwa.

Hakukirudisha mara moja. Alikichomoa kabisa, akarudisha nyaya, akaiwasha kompyuta na kijibao cha zamani peke yake, ili ajue ugonjwa uko wapi kabla ya kutangaza tiba. Feni ilizunguka. Kioo kiliwaka. Wote watatu walisubiri, Shangazi bado yupo sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa meza.

"Mchana mwema," ile sauti ya mafua ilisema.

Dada alijikuta ameketi juu ya bunda la karatasi. Shangazi alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, na Wembe hakujua kama analia au anacheka mpaka aliposikia anacheka.

"Kwanza kitabu," Shangazi alisema alipopata pumzi. "Mengine baadaye."

Wembe alifuta picha mia tatu kwenye simu yake bila kuziaga ili apate nafasi, akaunga waya, akanakili humo juzuu zote mbili. Ndipo alipoizima tena mashine, akakirudisha kijibao kipya na kukibonyeza kwa vidole gumba viwili, huku na huku, mpaka vibanio vyote viwili vilipolia. Shangazi alipitisha kidole, akatikisa kichwa kukubali. Safari hii kompyuta iliwaka na haikuzimika. Walifungua mchoro wa moyo, ule uliokuwa ukiisimamisha, nao ukafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Saa nane na nusu mashine ya kuchapa ilianza kunyesha mvua yake ya mawe. Kwa mwendo huo, jua lisingezama kabla ya karatasi ya mwisho. Shangazi alikisogeza kiti karibu na mashine, akala chakula chake kilichopoa, na kila ukurasa ulipotoka aliugusa kwa mkono usio na kijiko.

Injinia aliingia kutoka kibarazani. Alisikiliza kishindo, akaitazama kompyuta iliyokuwa sasa katikati ya sakafu, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa na vumbi toka kiunoni hadi miguuni. Alianza kuchana kingo za kutupwa za karatasi zilizotoka, na alizichana vizuri.

Dada ndiye aliyeshindwa kunyamaza. Alimvuta Wembe hadi mlangoni.

"Kitabu kimepona, tumshukuru Mungu," alisema. "Sasa mwombe radhi mume wangu."

"Kwa lipi?"

"Umemzimia mashine usoni. Umemjibu maneno ya kamba za viatu. Ni shemeji yako na ni mkubwa wako. Neno moja tu, Wembe, yaishe."

"Dada, kidole chake kilikuwa kimebakiza hivi," Wembe alisema, akimwonyesha upana wa ukucha. "Miezi kumi na moja ya mama yako."

"Amekosea, ndiyo. Nani hakosei?"

"Kukosea simlaumu. Hata mimi nimechungulia sikuona. Lakini mimi nilikuwa chini."

"Kwa hiyo?"

Wembe alitazama ndani. Injinia alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza. Shangazi naye aliacha kutafuna, ila hakugeuka.

"Radhi siombi," Wembe alisema, kwa sauti ya kawaida, ya kuwafikia wote. "Si leo, si kesho mwalimu akija, wala si siku ya sikukuu tukikutana mezani. Mama wa watu ana miaka sitini na minne na ameingia chini ya meza. Shemeji angeinama asubuhi, mimi nisingeinuka kumjibu mchana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."