Zamu Moja Iliyobaki

Sogeeni, wanangu, na mwenye simu aiweke chini. Leo siwapi hadithi iliyokwisha. Nawapa iliyonishinda.

Walikuwapo watu watatu wa pwani katika mji mmoja wa baridi huko Marekani, wakifua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Wa kwanza Kombo, Mpemba, na kipawa chake kilikuwa jicho. Akimwona mtu anainua bega tu, keshajua kama leo ana nguvu au amechoka.

Wa pili Nyamvula, Mdigo wa Kwale, na kipawa chake kilikuwa kuacha. Wengi wetu tunajua kushika. Yeye akisema imetosha, imetosha, hata umlilie.

Wa tatu Tunu, wa Pangani, na kipawa chake kilikuwa miguu. Ukimwita keshafika, wala hajauliza kaitiwa nini.

Huyo Tunu alikuwa na miaka saba hajatia mguu kwao. Chumbani kwake mlikuwa na kiti kimoja, maana wa kukalia cha pili hakuwapo. Kila Jumapili, siku yake ya kupumzika, alimpigia baba yake. Miaka ya mwanzo mzee aliuliza, "Unarudi lini?" Baadaye akawa anauliza, "Umekula?" Mwaka ule akaanza kuuliza, "Nani mwenzangu?"

"Tunu, baba."

"Tunu yupi? Tunu wangu yuko shule."

Basi Tunu huiweka simu mapajani, akaketi akisikiliza friji inavyonguruma.

Sasa, kule kuna mchezo wanauita besiboli. Mmoja anatupa kijipira kigumu kama embe bichi, mwenziwe anakipiga kwa gongo. Na watu wa kazini wana mchezo juu ya mchezo: kila kundi linajitungia timu yake kwenye simu, linachagua wachezaji wa kweli, na wale wakicheza huko kwao, kundi linahesabiwa alama. Wapishi walikuwa na timu, wauguzi walikuwa nayo, na hawa wetu watatu wakaunda moja, ikakaa kwenye simu ya Kombo. Mwenye nyumba ile ya wazee akasema kundi litakaloshinda mwaka huu litapata tiketi ya ndege ya kwenda popote na kurudi. Tiketi moja, jina moja.

Wiki ya mwisho wakabaki wao na watu wa jikoni.

Mchezo ule ulikuwa na sharti. Watupaji wako wakifungwa kidogo, unapata alama nyingi. Lakini mchezo hukatwa vipande, kila kipande huitwa zamu, na usije ukamtumia mtupaji mmoja hodari kwa zamu mbili tatu, kisha ukajificha. Kila wiki watupaji wako wafikishe zamu ishirini. Ikipungua hata moja, kazi yao yote inafutwa, kana kwamba hawakutupa.

Kombo akafanya lake. Jumatatu alichagua watupaji watatu ambao hakuna aliyewataka. Wapishi wakamcheka. "Nyie wa mashuka, mmeokota wazee wa humu ndani?" Kombo akasema, "Cheka, mwanangu, meno ni yako." Kufika Ijumaa, wale watatu walikuwa wametupa zamu kumi na tisa, na kufungwa hawakufungwa ila mara mbili.

Nyamvula akafanya lake. Jumamosi ilikuwa siku ya kutupa ya mtupaji mwenye jina kubwa, na Kombo alitaka kumwingiza. Nyamvula akamshika mkono. "Mwache."

"Nimwache vipi? Huyu ni moto!"

"Tunachokitaka tunacho. Mwache, Kombo. Imetosha."

Kombo akanuna, lakini akamwacha. Jioni yake mtu yule alipigwa mpaka watu wakamhurumia. Angekuwa kwenye timu yao, yangekwisha siku hiyo hiyo.

Lakini katika furaha ya kuacha, hakuna aliyehesabu zamu.

Jumapili mchana Nyamvula alikuwa kwenye kibarua chake cha pili, akisafisha stesheni ya mabasi. Alipopata dakika tano za kunywa chai, akahesabu, na chai akaiacha. Akampigia Kombo. Simu ikaita tu, maana dobini simu zote hufungiwa kabatini. Akampigia Tunu.

"Dada Tunu, zamu imebaki moja! Kombo yuko ndani, hana habari. Ataichukua nani? Naitwa huku, kwaheri!"

Simu ikakatika.

Tunu alielewa nini? Zamu kwao ilikuwa ya mchezo, na zamu ilikuwa ya kazi. Yeye akasikia ya kazi. Akajua Kombo kaongezewa zamu nyingine na hakuna wa kumpokea. Hakuuliza. Akavaa koti, akatoka kwenye mvua. Basi likamwacha, akaenda kwa miguu, vituo sita.

Akaingia dobini anachuruzika. "Toka, Kombo, nimekuja kuichukua zamu."

"Zamu ipi, dada? Mimi namaliza saa kumi."

"Nyamvula kasema imebaki moja."

Kombo akasimama na shuka mkononi. Kisha akalitupa, akakimbilia kabatini, na Tunu akashika mashine mahali pake bila kujua nini kinamkimbiza. Zilikuwa zimebaki dakika nane, kisha hakuna timu itakayobadilishwa tena. Kombo akatazama kwenye simu mabega ya watupaji waliokuwa wakipasha misuli, akamwingiza mmoja. Yule akatupa zamu moja, safi, akatoka. Ishirini kamili. Wapishi wakashindwa.

Na sikilizeni vizuri. Tunu angeelewa, angekaa chumbani kwake ampigie Kombo. Na simu ingelilia kabatini mpaka basi.

Jumatatu ikaletwa karatasi ya kuandika jina. Ikawekwa juu ya meza ya kukunjia mashuka.

Kombo akasema, "Nilichagua wote, hata yule wa mwisho. Nina mtoto wa miaka minne, sijamshika hata kidole."

Nyamvula akasema, "Ulichagua na yule wa Jumamosi. Bila mimi mngefungwa, na bila mimi msingejua kama zamu imebaki. Mama yangu alizikwa nikimtazama kwenye simu, na simu ikaisha chaji kabla ya udongo."

Wakamgeukia Tunu. Tunu akasema, "Mimi nilikosea tu."

"Kukosea kwako ndiko kulikotufikisha," akasema Kombo.

"Lakini hakukusudia," akasema Nyamvula, bila ubaya, akikunja ncha ya shuka. "Mtu hulipwa kwa asilolijua?"

Tunu akashika ncha ya pili ya shuka. Miaka saba hakupata kumwomba mtu kitu, na ulimi haukujua pa kuanzia. Nje gari lililokuja kuichukua karatasi ile lilikuwa limeshawasha injini. Kalamu moja, watu watatu, na kila mmoja akimtazama mwenziwe mikono, si uso.

Mimi hapo nimekwama, wanangu. Jicho lilichagua, moyo uliacha, miguu ilikwenda. Ung'oe mmoja, ndege inaondoka tupu.

Haya, kalamu ni yako sasa. Wewe ungeandika jina la nani? Na wale wawili watakaobaki na mashuka, ungewaambia nini?