Mashine Isiyotoa Unga

Mbacha ni msala mkuukuu, uliochakaa kwa magoti ya mwenyewe. Haupendezi machoni, lakini ndio anaosalia kila siku. Anayeutupa kwa kuvutiwa na msala mpya aliouona ukipita mikononi mwa mwingine, mwisho husujudu mchangani. Theonest wa Pugu alifundishwa methali hii tangu utotoni; lakini kuijua na kuishika ni mambo mawili.

Theonest alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, aliyoachiwa na baba mkwe wake. Marehemu aliipaka mota mstari mwekundu kwa mkono wake, isije ikabadilishwa kwa mafundi. Mashine ilikohoa kama mzee mwenye pumu, lakini Theonest, mkewe Margareta na binti yao Herieth hawakulala njaa.

Siku moja alifika Allen, muuzaji wa vifaa vya kompyuta kutoka Sinza. Akautazama waya mnene wa umeme wa njia tatu, akatikisa kichwa.

"Braza, umeme wote huu unaupotezea kwenye mahindi? Wenzako ng'ambo wana mabohari mazima ya mitambo ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Sasa wanauza ile ya zamani, bei poa. Unaiwasha tu, inapiga hesabu, sarafu zinaingia kwenye simu. Hata vumbi hulivuti!"

Margareta, aliyekuwa akifagia pumba, aliinua uso. "Shemeji, ng'ombe mwenye maziwa hapelekwi mnadani. Mbona wanaiuza?"

"Wanapisha mipya, shemeji yangu."

"Na mipya ya nini, ikiwa ya zamani bado inakamuliwa?"

Allen akacheka. Theonest naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, kwani aliona haya kuonekana mshamba mbele ya mgeni. Margareta aliposafiri kwenda msibani Bukoba, mumewe alimuuzia Mbwana, msagaji wa ng'ambo ya barabara, mota pamoja na kinu chake, akanunua mitambo mitatu ya Allen.

Margareta alirudi akakuta banda linanguruma, lina joto kama tanuri la mkaa. Mahali pa mota palibaki bolti zilizochomoza sakafuni. Aliketi juu ya debe tupu.

"Baba Herieth," alisema taratibu, "umemuuza baba yangu."

Kabla Theonest hajajibu, Bibi Tabu, jirani yao, aliingia na ndoo ya mahindi.

"Shikamoo, bibi," Theonest alimwamkia. "Siku hizi hatusagi mahindi. Mashine hizi zinasaga hesabu."

"Marahaba. Na hesabu hizo, mjukuu wangu, zinasongeka ugali?"

Akajitwika ndoo yake, akavuka barabara kwenda kwa Mbwana. Wateja wengine wakafuata nyayo zake.

Mwanzoni sarafu zilidondoka kama manyunyu. Lakini malipo hayo hugawanywa kwa wachimbaji wa dunia nzima, kila mmoja kwa kadiri ya hesabu zake. Kila makampuni makubwa yalipowasha mitambo mipya, yenye nguvu zaidi na isiyo na ulafi wa umeme, fungu la Theonest lilisinyaa, hata likashindwa kulipia umeme ulioliwa na mitambo yenyewe. Akampigia Allen simu.

"Kaka, nakuomba uichukue tena."

"Aa, braza! Hiyo sasa ni skrepa. Wape wanunua vyuma."

Ikauzwa kwa kupimwa kwenye mizani, kama masufuria yaliyotoboka. Herieth akapelekwa kwa shangazi yake Ubungo, apate angalau pa kula. Theonest, kwa kukosa la kufanya, alivuka barabara akaomba kazi ya kumimina mahindi kinuni kwa Mbwana.

Asubuhi moja Margareta alisimama kwenye foleni, kibakuli cha mahindi mkononi. Zamu yake ilipofika, Theonest aliyapokea bila kuinua macho. Nyuma yake, chini ya vumbi la unga, mstari mwekundu ulikuwa ukitetemeka.

"Nikusagie laini?" aliuliza, kama anavyoulizwa mteja yeyote.

"Saga kama alivyokuwa akisaga baba," alijibu Margareta, akageuka kutazama barabara.

Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.