Kidawa Katika Nyumba ya Paka

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati paka walikuwa bado na nyumba zao wenyewe na hawajaanza kuzikalia za watu, aliishi paka kijana akiitwa Mbaruku. Alikuwa na manyoya ya kijivu, sharubu ndefu, na kichwa kizuri ambacho ndani hakikujaa sana.

Siku moja alimfukuza njiwa, akapanda kumfuata hadi kileleni mwa mti wa mkungu. Njiwa akaruka, akaenda zake. Mbaruku akabaki juu, maana paka kupanda anajua. Kushuka ndiko hakufundishwa. Alikaa huko siku mbili, nyau, nyau, na kila aliyepita chini alimwambia kwamba njaa ikimzidi atashuka tu.

Siku ya tatu akapita kindi, binti mdogo asiyezidi urefu wa kiganja, akiteremka kwenye shina kichwa chini, mkia juu. Jina lake Kidawa. Alimwona yule paka mkubwa anavyotetemeka, akamwonea huruma.

"Kaka," akamwambia, "geuka. Tanguliza makalio, kichwa kifuate."

Mbaruku aliona haya, lakini haya haishibishi. Akatanguliza makalio. Alifika chini mzima, akamtazama Kidawa kwa macho ya shukrani, na kabla mwezi mwingine haujaandama walikuwa wameoana.

Bi Mize, mama yake Kidawa, hakuipenda ndoa ile hata kidogo. Alimwonya bintiye kwamba paka akikutazama usoni amekupenda, bali akikutazama mapajani anapanga chakula cha mchana. Lakini Kidawa alikwisha kupenda. Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Akafunga kibunda chake, akahamia kwa wakwe.

Nyumba hiyo ilikuwa na paka wengine watatu. Mama mkwe, Bi Mwanashaa, alikuwa mweupe, mnene, jicho moja la kijani na jingine la samawati. Shemeji yake, Makame, alikuwa dume la madoa ambaye kazi yake ilikuwa kulala. Wifi yake, Saumu, alimsaidia Makame katika kazi hiyo.

Asubuhi ya kwanza Kidawa aliamka akakuta mjusi aliyekufa juu ya mto wake, kalala chali. Alipiga kelele, akamwamsha mumewe.

"Ni zawadi," Mbaruku akasema bila kufumbua macho. "Mama amekupenda."

"Na kama asingenipenda?"

Mbaruku akafikiri kidogo, akasema hapo angeletewa mjusi nusu.

Basi Kidawa akajifunza ya nyumba ile, na yalikuwa mengi. Alipopika, wakwe walinusa, wakageuka, wakaondoka kama waliotukanwa. Alipokaa kula yeye, wote watatu walikuja wakaweka vichwa ndani ya sahani yake. Akikunja kanga zake alizotoka nazo kwao, Bi Mwanashaa anazilalia. Akipepeta mchele, Makame anakuja kukaa ndani ya ungo, katikati ya mchele, na kumtazama kana kwamba ni yeye Kidawa aliyekosea.

Mlango nao ulikuwa adhabu. Makame alikuwa akisimama mbele yake akilia afunguliwe. Kidawa anaacha kupika, anakimbia, anafungua. Makame anasimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, anaitazama dunia, halafu anarudi kulala. Mara saba kwa siku.

Lakini aliyemtoa machozi ni Saumu. Saumu alipanda kwenye rafu ya vyombo, akamtazama wifi yake machoni, akanyoosha mkono taratibu, akakisukuma kikombe. Pa! Kikombe cha pili. Pa! Kidawa akamwomba wifi yake, tafadhali, vikombe hivyo ni vya harusi. Saumu akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akasukuma cha tatu.

Kila aliposhtaki kwa mumewe, Mbaruku alijilamba bega na kusema ndivyo walivyo. Kidawa akakonda. Mkia wake, uliokuwa mnene kama mkungu wa ndizi, ukabaki kama kamba. Akawaza kurudi kwao, lakini angemwambia nini mama yake? Mama yake angesema, "Nilikwambia," na neno hilo, wanangu, ni zito kuliko mjusi kwenye mto.

Siku moja alikuwa amechoka kabisa. Ametoka kumwomba Makame akateke maji, na Makame amefumba macho. Amemwomba Saumu afagie, na Saumu amegeuka ukutani. Kidawa akaushika ufagio mwenyewe, lakini jungu likaanza kufurika jikoni, ikabidi aukimbilie moto. Akauegemeza ufagio mlangoni, na kwa hasira akasema, "Na mtu asiuguse ufagio wangu!"

Alipotoka jikoni aliduwaa. Saumu alikuwa ameukumbatia ufagio kwa miguu yote minne, anauburuta sebuleni huku na huku, na vumbi lote limekwisha toka nje.

Kidawa alirudi jikoni, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akacheka kimyakimya mpaka masikio yakamtetemeka.

Kesho yake akamwambia Makame kwamba ndoo ile ya kisimani ni ya kindi peke yao, paka asiisogelee. Kabla ya adhuhuri mtungi ulikuwa umejaa. Akamwambia Saumu kwamba nguo zilizoanikwa zisianuliwe. Zikaanuliwa zote, ingawa moja ilirudi na matundu. Akakataza vikombe visirudishwe rafuni. Vikarudishwa. Kwa muda wa wiki mbili nyumba ilipendeza, mkia wa Kidawa ukaanza kujaa, na Mbaruku akawa anawaambia rafiki zake kwamba siri ya ndoa njema ni mume kuwa na msimamo.

Aliyeshtuka ni Bi Mwanashaa. Kulala kwake hakukumzuia kuona. Jioni moja alifumbua lile jicho la kijani na kusema polepole, "Mwanangu Kidawa, siku hizi una makatazo mengi."

Kidawa akajibu kwamba kwao ndivyo walivyolelewa. Bi Mwanashaa akalifumba jicho, lakini sikio akaliacha wazi.

Basi siku ya Jumatano akaja kunguru na salamu: Bi Mize amemkumbuka sana bintiye, na Ijumaa atakuja kumtazama. Kidawa alifurahi kiasi cha kuruka mpaka kwenye boriti. Aliposhuka, Makame alikuwa ameamka. Makame kuamka mchana lilikuwa jambo geni.

"Shemeji," Makame akauliza, "mama yako ni mnene?"

Kidawa akasema mama yake ni mtu mzima wa kawaida. Makame akameza mate. Kidawa akayafuata macho yake yalikokuwa yanatazama, na hayakuwa usoni.

Mchana huo akajifanya anafua nyuma ya nyumba, akatega sikio. Barazani Bi Mwanashaa alikuwa akipanga mapokezi. Alisema mgeni wa heshima sharti apikiwe pilau. Saumu akauliza nyama itatoka wapi.

"Nyama," Bi Mwanashaa akasema, "itakuja na miguu yake, na hodi itapiga."

Kidawa alimkimbilia Mbaruku, akamweleza yote. Mbaruku akasema ni mzaha tu. Kidawa akamuuliza kama angeapa kuwa ni mzaha. Mbaruku akatazama nje, akatazama dari, akajilamba bega la kushoto, akajilamba la kulia.

"Nitazungumza nao," akasema. "Jumamosi."

"Mama anakuja Ijumaa."

"Ndiyo, lakini Ijumaa nina shughuli sokoni."

Hapo Kidawa akajua kwamba mume anaye, ila msaada hana. Kumrudisha mama yake njiani haikuwezekana, maana Bi Mize alikuwa akisafiri kwa kuruka mti hadi mti, na hakuna aliyejua atapitia wapi. Kuwakataza wakwe wasimle ndiko kungekuwa kumwandalia sahani. Akakaa akafikiri. Alifikiri Jumatano yote na Alhamisi yote.

Ijumaa asubuhi Mbaruku alipokwisha kwenda sokoni, Kidawa alitoa ghalani tenga kubwa lenye kifuniko, lile la kubebea kuku, akalikokota hadi katikati ya ua. Akatandika ndani yake kanga moja, safi, imepigwa pasi. Kisha akatangaza kwa sauti kwamba tenga hilo ni la mgeni, na mtu yeyote wa nyumba hiyo asithubutu kuingia. Akawapa mgongo, akaanza kutwanga. Twa. Twa. Twa.

Makame akasema yeye hana haja na tenga la mtu. Akaja kukaa karibu nalo, kwa sababu ya jua. Akaweka mkono mmoja ukingoni, kwa sababu ya kuchoka. Kidawa akaendelea kutwanga. Alipopiga jicho, ua ulikuwa mtupu, na tenga lilikuwa na mkia wa madoa.

Saumu kuona ndugu yake ana kitu ambacho yeye hana, alivuka ua kwa hatua tatu akatumbukia. Mle ndani kukawa na kupigana makofi kidogo, kisha kimya.

Akabaki Bi Mwanashaa barazani, macho yote mawili wazi.

"Mimi siingii," akasema. "Wewe mtoto unatufanyia kitu. Sijui ni kitu gani, lakini siingii."

Jua lilikuwa limepanda, na mbali huko mitini Kidawa alisikia matawi yakitikisika. Akakaza moyo, akageuka, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Ni vizuri mama umekataa," akasema. "Na mimi nilikuwa naogopa kukwambia. Tenga lenyewe halikutoshi."

Bi Mwanashaa akasimama.

"Halinitoshi mimi?"

"Umri, mama. Si kosa lako. Labda ungetosha miaka ile."

Bi Mwanashaa akashuka barazani. Alitembea polepole, mkia wima, akalizunguka tenga mara moja. Akaingiza kichwa, akaingiza mabega. Tumbo likakwama. Akalivuta kwa ndani, akasukuma, na puu! akazama. Toka humo ikasikika sauti yake ikiuliza nani aliyesema hatoshi.

Kidawa alikuwa ameshika kifuniko pale Mbaruku alipotokea mlangoni na kikapu chake cha sokoni. Mbaruku alimtazama mkewe. Akalitazama tenga. Akaona masikio sita yamejipanga ukingoni. Akaweka kikapu chini, akaruka, akaingia.

Kifuniko kikashuka. Kidawa akashika kamba ya usumba wa nazi, akalizunguka tenga mbio, mara saba, chini na juu, na alipokuwa akikaza fundo la mwisho akasikia, "Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama," Kidawa akasema, akihema.

Bi Mize alikuwa amechoka na safari. Alikumbatia mwanawe, akatazama huku na huku kutafuta kiti, na asipokiona akakaa juu ya tenga. Kidawa akafunga macho. Akayafungua. Tenga halikutikisika.

Mama akasifu nyumba, jinsi ilivyofagiliwa na vyombo vilivyopangwa. Akala korosho. Halafu akainamisha sikio.

"Mwanangu, mbona kiti chenu kinanguruma?"

Ndivyo walivyo paka, wanangu. Ukiwabana mahali padogo penye joto, hasira zao huyeyuka zikawa mngurumo. Kidawa akasema ni kiti cha kizamani.

Bi Mize akauliza alipo mkwe wake.

"Nipo chini yako, mama," ikasema sauti ya Mbaruku. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Bi Mize akajibu, machozi ya furaha yakamlengalenga. Akamwinamia bintiye, akamnong'oneza kwamba alimdhania vibaya huyu paka. Mume anayekubali kuwa chini ya mama mkwe ni adimu siku hizi.

Alipoaga alasiri, Kidawa alimsindikiza mpaka miti ya kwao ilipoanza. Akarudi, akalisogelea tenga, akasema na Bi Mwanashaa kupitia kwenye kitundu. Hakutukana. Alisema kamba iko mikononi mwake na kisima hakiko mbali, lakini yeye ni mke wa nyumba hiyo na hataki siku moja hiyo hiyo yeye awe mjane na mama yake akose wakwe. Anataka kiapo kimoja tu: kwamba ndugu yake yeyote atakayepiga hodi atakuwa mgeni, si kitoweo.

Jicho la samawati likaja kwenye kitundu.

"Ule ufagio," Bi Mwanashaa akasema, "na ndoo, na nguo. Yote yalikuwa namna hii?"

"Yote, mama."

"Na mimi nikazaa watoto wajinga kiasi hicho." Akakohoa. "Na mwenyewe nimo humu humu. Basi, naapa kwa sharubu zangu na zao. Mwanamke uliyetushinda sote wanne hukai hapa kama chakula. Unakaa kama mwenye nyumba."

Wakaapa, mmoja mmoja, Makame wa mwisho kwa sababu ilibidi aamshwe. Na kiapo hicho hakikuvunjwa. Bi Mize alikuja tena mara nyingi, na Bi Mwanashaa mwenyewe ndiye aliyemchagulia korosho.

Kidawa akakata kamba, akafungua kifuniko, akasimama pembeni kuwapisha.

Hakutoka mtu. Akasubiri. Akasema tafadhali tokeni, giza linaingia, chakula kiko tayari. Makame akageuka upande wa pili. Mbaruku akamwomba arudishe kifuniko kidogo, upepo unaingia.

Kidawa alikuwa na neno moja kwenye ncha ya ulimi, neno ambalo lingewatoa wote humo kwa pamoja. Akalimeza. Akaenda jikoni, akajipakulia sahani iliyojaa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akala peke yake, taratibu, mpaka punje ya mwisho.

Asiyesikia amri, mkataze. Atakimbia mwenyewe kwenda kule ulikotaka aende.