Uwanja Uliowafukuza Kuku

Hadithi inabisha hodi!

*Karibu, mkeka umetandikwa!*

Mbona huko nyuma mmekaa kimya? Hadithi inabisha hodi!

*Karibu, mkeka umetandikwa!*

Haya, sogeeni. Wewe unayepiga miayo, piga yote sasa uimalize, maana hadithi yangu ina ukungu ndani yake, na ukungu huleta usingizi. Nikimwona mtu analala, nanyamaza papo hapo, na mwisho wake nakwenda nao nyumbani.

Hapo kale, zamani za zamani, kuku walipokuwa na maneno ya kusema na watu walipokuwa na masikio ya kuwasikia, paliishi mwanamke akiitwa Siwatu. Aliishi peke yake ubavuni mwa mlima, mahali ambapo ukungu hushuka alfajiri, ukaingia mpaka barazani, ukakaa na watu kama mgeni asiye na haraka.

Mama yake alikuwa amefariki, akamwachia nyumba ya udongo na kundi la kuku. Kuku hao ndio waliokuwa shamba lake na ng'ombe wake. Yai alibadilisha kwa chumvi, jogoo alibadilisha kwa nguo. Kuku wakiisha, Siwatu hana budi kwenda kukaa kwa kaka yake. Na wifi yake alikwisha kusema mbele ya watu kwamba atampokea vizuri tu, alale jikoni na mchi uwe wake. Siwatu aliiogopa siku hiyo kuliko alivyomwogopa chui.

Sasa sikilizeni. Katika kijiji hicho mwanamke alijulikana kwa uwanja wake. Ukipita nyumba ya mtu, kwanza unatazama uwanja, halafu ndipo unasema hodi. Na Siwatu alijua kufagia, jamani! Kila alfajiri, kabla ukungu haujaondoka, alishika ufagio wa chelewa akafagia, chwa, chwa, chwa, mpaka ardhi ikabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Wanawake walipita wakamsifu. Naye akazidi kufagia.

Chini kwenye kijito alikaa Kenge. Kenge huyu alikuwa na maneno laini. Siku moja alikuja akasimama pembeni ya uwanja, akamwamkia Siwatu, akamwita mwanangu, akasema uwanja kama ule hajauona tangu azaliwe. Kisha akatazama migombani, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema kuna jambo dogo tu linaharibu, nalo ni lile jalala.

Siwatu akaona haya. Akalizoa jalala lote, akalichoma moto.

Jioni akaja Kishungi, kuku wake mkubwa mwenye kishungi cha manyoya kichwani. Akamwambia Siwatu kwamba jalalani ndimo walimokuwa wanapata funza na mbegu na vijani vibichi, sasa watakula nini? Siwatu akamjibu asiwe na wasiwasi, atawapa mahindi kwenye kisahani. Akawapa mahindi. Kuku wakala mahindi asubuhi, mahindi mchana, mahindi jioni. Baada ya muda mayai yakaanza kutoka na ganda laini, unaligusa linabonyea.

Kenge akaja mara ya pili. Akausifu uwanja, akatikisa kichwa. Akasema mwanangu, kuna jambo dogo tu, lile gogo bovu na yale majani makavu chini ya mti.

Siwatu akaliviringisha gogo mpaka bondeni. Majani akayafagia, akayachoma.

Kishungi akaja tena. Akasema chini ya gogo walikuwa wakiokota mchwa na nyenje, na kwenye majani walikuwa wakichakura mchana kutwa, wakachoka vizuri, wakalala vizuri. Siwatu akasema mahindi si yapo? Basi kuku wakakaa uwanjani hawana kazi. Na kuku asiye na kazi, ndugu zangu, hutafuta kazi. Wakaanza kudonoana mikia. Mmoja alinyonyolewa mgongo mzima akabaki anatembea kinyumenyume kwa aibu. Usicheke, wewe ungefanyaje?

Kenge akaja mara ya tatu. Sifa zilezile, kichwa kilekile. Jambo dogo tu, mwanangu, lile shimo la majivu karibu na ukuta.

Siwatu akalifukia.

Kishungi alipokuja safari hii alikuwa anajikuna huku anaongea. Akasema shimo lile lilikuwa bafu lao. Humo walijigaragaza kwenye majivu, utitiri ukawatoka. Siwatu alikuwa ameshika ufagio wake, akamwuliza Kishungi ni kuku gani hawa wenye malalamiko kila siku.

Na yeye Siwatu alikuwa na lalamiko lake. Desturi ya pale, ukiokota mayai unaacha moja kiotani, ili kuku ajue kwamba hapo ni pake, arudi kutaga. Siwatu aliifuata. Kila jioni aliacha yai moja katika kila kiota, na kila asubuhi alikuta kiota kitupu. Akaamini kwamba kuku wanakula mayai yao wenyewe. Akawachukia kidogo, ingawa hakusema.

Ikafika asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito sana. Siwatu akatoka na ufagio, akaona kuku wake wamejipanga kwenye ukingo wa uwanja, jogoo mbele, mitetea nyuma. Wakaanza kutembea kuelekea msituni, polepole, kama watu wanaokwenda shamba. Siwatu akawaita, kuu kuu kuu, akatikisa kisahani cha mahindi. Ukungu ukawameza miguu, kisha migongo, kisha vichwa. Akabaki anasikia nyayo zao tu, halafu hata nyayo asizisikie.

Alibaki Kishungi peke yake, kwa sababu alikuwa anaatamia mayai aliyoyataga kwa kificho.

Siwatu akauangusha ufagio. Akaingia ndani, akajifunika kanga, akalia. Aliliona jiko la wifi yake machoni. Kesho yake hakuamka kufagia. Kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki, uwanja ule ulipambazukiwa bila ufagio.

Alipofungua mlango jua lilikuwa limekwisha kutoka, ukungu unapanda taratibu. Akatazama chini. Akaona mstari mrefu kwenye vumbi, umejipinda hivi na hivi, na alama za vidole vyenye kucha pande zote mbili. Ulitoka kijitoni, ukaja moja kwa moja hadi kwenye kiota cha Kishungi, ukarudi kijitoni. Siwatu akaufuata kwa macho kwenda na kurudi. Akauelewa. Mkia ule aliujua.

Akakimbilia kiotani. Kishungi alikuwa amejitandaza juu ya mayai machache yaliyosalia, kifua kimenyofolewa manyoya.

"Ni Kenge," akasema Kishungi. "Leo nimemwona. Siku zote tulidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Mama yako alituachia moja. Wewe tuliona unazoa yote. Ndiyo maana wenzangu wameondoka. Njaa wangevumilia, na utitiri wangevumilia, lakini kuku hawezi kukaa asipoachiwa hata yai moja."

Siwatu akakaa chini pale pale vumbini. Akamwambia kwamba aliacha moja kila jioni, naapa, kila jioni. Kisha Kishungi akasema neno ambalo Siwatu hakulisahau mpaka anazeeka.

"Basi kila asubuhi Kenge alikuwa anaacha alama yake, na kila asubuhi wewe ulikuwa unamfutia."

Mmesikia? Na wewe uliyesinzia, umesikia? Yeye mwenyewe, kwa ufagio wake mwenyewe.

Siwatu hakulia tena. Alikasirika, na hasira ilimpa nguvu. Akambeba Kishungi na mayai yake, akamweka ndani chini ya kitanda. Akashuka bondeni, akalirudisha gogo bovu kwa kuliviringisha huku anahema. Akakusanya majani makavu ndani ya kanga yake, akayamwaga chini ya mti. Akafukua shimo, akatia majivu ya jikoni. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga akayatupa migombani yawe jalala.

Wanawake waliopita kwenda kisimani walisimama wakashangaa. Mmoja akasema Siwatu ameanza kuugua. Mwingine akasema atume mtu akamwambie wifi yake. Siwatu aliyasikia yote, na yalimchoma, lakini hakuuokota ufagio.

Kisha akafanya jambo alilomwona mama yake akifanya zamani. Akachukua chungu kikuukuu, akakijaza samadi kavu ya ng'ombe na majani makavu, akakinyunyizia maji. Akatafuta kishimo cha mchwa nyuma ya nyumba, akakigeuza chungu kifudifudi juu yake. Mchwa hupenda giza na unyevu na majani. Kulipokucha chungu kilikuwa kimejaa, ukikitegea sikio unasikia kama mvua ndogo.

Asubuhi hiyo Kenge akaja. Safari hii majani makavu yalimsema kila alipokanyaga, kwacha, kwacha, na Siwatu alimsikia tangu mbali, akajua kwa nini Kenge alitaka yafagiliwe. Kenge akautazama uwanja, akashtuka. Akauliza mwanangu, kumetokea nini hapa?

Siwatu akamkaribisha vizuri. Akamwambia anakwenda kuteka maji, amsaidie kukilinda chungu kile nyuma ya nyumba, ila asikifunue hata kidogo, maana kuku wake hakuna wanachokipenda kama kilichomo humo.

Kenge akaapa hatakigusa. Siwatu akajitwisha mtungi, akaenda akasimama nyuma ya migomba.

Kenge akakizunguka chungu mara moja. Akakizunguka mara ya pili. Mara ya tatu mate yakamdondoka. Akainua ukingo wa chungu kwa pua, akachomeka ulimi wote ndani, auviringishe kwenye yai, maana alidhani humo mna mayai.

Mchwa askari wana vichwa vyekundu na meno kama koleo. Waliushika ulimi ule huku na huku, nusu ya askari wakavuta kulia, nusu wakavuta kushoto. Kenge akarukaruka na chungu kichwani, akagonga ukuta, chungu kikapasuka, na ulimi wake ukapasuka katikati. Akakimbilia kijitoni anautoa nje kuupoza. Mpaka leo ni hivyo. Mkimwona kenge, tazameni ulimi wake.

Mchwa wakatapakaa uwanjani. Kishungi akatoka ndani ya nyumba, na nyuma yake vifaranga, walioanguliwa na kukauka manyoya siku ile ile. Akachakura, kra, kra, akawaita waje wale.

Sauti ile ya kuchakura ikapanda mlimani, ikaingia ndani ya ukungu. Siwatu akasimama na mtungi kichwani. Ukungu ukatoa miguu. Ukatoa migongo. Ukatoa jogoo mwenyewe, akiwa mbele. Mmoja akapanda gogo, mmoja akaingia migombani, yule aliyenyonyolewa mgongo akashuka kwenye shimo la majivu akafumba macho. Siwatu akautua mtungi, akasema karibuni nyumbani.

Tangu siku hiyo Siwatu alifagia kuanzia mlangoni hadi jikoni, basi. Wanawake waliendelea kumsengenya kwa uwanja wake, na wakaendelea kuja kumwomba mayai ya kuatamisha. Aliwapa. Mchana, jua likiwa kali, alijilaza barazani akisikia kra, kra, kra kila upande, na usingizi ukamchukua akiwa kwake.

Haya, fundisho langu mlichukue. Ukifuga kuku, mwachie pa kuchakura, pa kuoga na pa kutaga, mahindi yako yawe nyongeza tu. Na mtu anayekusifu kila akija, usiishie kumsikiliza. Akiondoka, tazama nyayo zake zimepita wapi, kabla hujashika ufagio.

Hadithi imekunja mkeka wake, inakwenda kulala. Utamu wake gawaneni, uchachu wake niachieni mimi.