Jina Moja kwenye Kanga ya Chama cha Masufuria

Hapo zamani, zamani hii hii ya juzi ambayo kila mtu ana simu mkononi, palikuwa na vijana watatu Makorora, Tanga: Kombo, Mwajabu na Hemedi. Walipanga chumba kimoja cha kazi, wakabishana kutwa, na dirisha lao halikuwa na pazia. Tuliosikia tulisikia.

Vijana hao walikitengenezea programu chama cha kina mama cha kuazimana masufuria ya shughuli. Ukiwa na harusi, programu humtumia ujumbe aliyenalo sufuria: lipeleke kwa fulani. Raha tupu. Ila mara tatu programu ilisema "ujumbe umetumwa" na hakuna sufuria lililosogea. Kwenye hitima ya Pongwe watu walishibishwa maandazi.

Sasa mwenyekiti, Bi Kidawa, alikuwa anamwoza mjukuu wake Tunu siku ya Jumamosi, wageni mia nne. Jumatatu akawaendea.

"Wajukuu zangu, masufuria yasipofika, pilau la watu mia nne nitalipikia kwenye birika. Na nyinyi nitawakalisha mbele, watu wawaone vizuri."

Ugonjwa waliujua. Programu ni vipande vingi, na kila kipande kilikuwa kinajitafutia chenyewe mtumaji wa ujumbe, naye ni kipande cha programu, si mtu. Vingine vilimshika mtumaji wa kweli, vingine yule wa uongo waliyemweka siku za majaribio, anayesema nimetuma na hajatuma. Namjua mume mmoja wa aina hiyo, lakini tuendelee.

Dawa ni vipande viache kujitafutia, vipewe. Wenye fani wana fremuweki za kazi hiyo: mgawaji anayekaa katikati na kukipa kila kipande haja yake. Lakini fremuweki ipi? Hapo ndipo waliponuniana.

Kombo akasema, "Mimi sitaki fremuweki. Nagawa kwa mkono." Akaingia kipande kimoja kimoja, arobaini vyote, akang'oa watumaji, akaacha mlango wa kupokelea mtumaji atakayeletwa. Jumatatu hadi Jumatano. Ndevu zikamwota.

Mwajabu akasema, "Mimi nataka fremuweki kali." Hiyo hukagua kila kitu kwanza, na ikiona kasoro programu haiwaki. Alhamisi ikagoma: watumaji wawili wanagombea nafasi moja. Ndipo yule wa uongo alipokamatwa, akafukuzwa.

Hemedi akasema, "Mimi nataka fremuweki laini." Hiyo haiulizi mengi, unabadilisha kipande huku programu inaendelea na kazi zake. Wenzake wakamcheka. Ijumaa, kwa ubishi tu, akachukua nakala ya kazi yao, akaitia fremuweki yake, akaiweka akiba.

Jumamosi asubuhi, mchele umeshachambuliwa, mtandao wa kupitishia ujumbe ukakatika. Kuhamia mtandao mwingine kwa fremuweki ya Mwajabu ilibidi programu ijengwe upya yote, na kwa kompyuta yao ile ni saa moja na nusu. Bi Kidawa kasimama mlangoni, kajifunga kibwebwe. Hemedi akawasha nakala yake, akabadilisha mstari mmoja, ujumbe ukapitia mtandao mwingine.

Kidogo tu masufuria hayo yanaingia: moja kichwani, mawili kwenye mkokoteni, na la Pongwe ndani ya bajaji, limekaa kiti cha abiria peke yake kama bibi harusi. Vigelegele. Pilau likaliwa, na Tunu akacheza mpaka kiatu kikakatika.

Baada ya shughuli Bi Kidawa akatangaza kanga mpya ya sare ya chama. Itaandikwa jina la kijana aliyeiokoa harusi, kina mama walivae mji mzima.

"Mmoja, si watatu," akasema. "Mimi sivai orodha."

Kombo akasema, "Bila mimi, vipande visingekuwa na mlango. Hizo fremuweki zenu zingempitisha wapi huyo mtumaji?"

Mwajabu akasema, "Bila mimi, yule mwongo angekuwamo mpaka leo. Fremuweki ya Hemedi ingemkaribisha na chai."

Hemedi akasema, "Bila mimi, mngekuwa mnangoja kompyuta, na wageni wanawangoja nyinyi."

Bi Kidawa kashika kalamu, mchapaji wa kanga anataka jibu kesho. Kina mama wamegawanyika, wawili hawasalimiani, na mimi nimewachochea kidogo tu. Basi ninyi msio na ndugu kati ya hao watatu, niambieni: je, jina la nani ndilo linalostahili kuvaliwa?